Nyumba inayoelea: umeme wa jua upangwe tangu mwanzo

Kati ya mwaka 2020 na 2024, maji ya ziwa Tanganyika yalipanda na kufukuza familia nyingi kwenye makao yao: Uvira, Kalemie, na hata Gatumba nchini Burundi. Ndiyo maana watu wanauliza: je, tunaweza kujenga nyumba inayoelea, inayopanda na kushuka pamoja na maji? Inawezekana, ikiwekwa mahali palipokingwa na mawimbi. Lakini nyumba hiyo itahitaji mwangaza. Jua tunalo, kazi ni kulipanga vizuri.

Wengine walifanya nini?

Huko Bangladesh, msanifu majengo Mohammed Rezwan alianzisha shule ndani ya mashua mwaka 2002, kwa watoto ambao mafuriko huwafungia njia. Paneli za sola juu ya paa hutoa umeme wa taa na kompyuta. Huko Makoko, mjini Lagos, Nigeria, shule ya ghorofa tatu ilijengwa mwaka 2013 juu ya mapipa 256 ya plastiki, ikiwa na paneli juu ya paa. Mwezi wa sita 2016 ilianguka kufuatia mvua kubwa. Mwangaza peke yake hautoshi: chombo lazima kiwe imara na kitunzwe.

Mambo manne ya kuangalia

1. Uzito. Batri ni nzito kuliko paneli. Batri ya asidi ya 12 V na 50 Ah ina kilo 15 hivi. Iwekwe chini, katikati ya nyumba, na ifungwe. Ikiwekwa pembeni, nyumba itainama.

2. Paa na upepo. Paneli isizidi ukingo wa paa, maana upepo utaishika kama tanga. Kwetu karibu na ikweta, mwinamo mdogo wa digrii 10 hadi 15 unatosha, na mvua itaosha vumbi. Acha nafasi chini yake hewa ipite, kwa sababu paneli yenye joto kali hutoa umeme mdogo.

3. Unyevu. Waya zipite juu, mbali na sakafu. Nyumba inacheza, kwa hiyo waya zisikazwe sana. Batri ya asidi hutoa gesi inayoweza kuwaka: isanduku lake liwe na matundu ya hewa, na lisiwe karibu na jiko.

4. Kiasi. Taa 4 za wati 5 kwa saa 5, redio na simu tatu hutumia karibu wati-saa 150 kwa siku. Paneli ya wati 100 inatosha, na hubakiza akiba kwa siku za mawingu. Batri tuliyoitaja ina wati-saa 600, lakini usitumie zaidi ya nusu, isife mapema.

Umeme ni wa nani?

Hapa ndipo ugomvi huzaliwa. Nyumba moja ikiwaka na tano zikabaki gizani, wivu unaingia. Mwenye batri akichajisha simu za jamaa zake tu, majirani watasema kuna upendeleo. Basi kabla ya kununua chochote, viongozi, wanawake, vijana na wenyeji wa ufuko wakae pamoja na kujibu maswali haya:

- Ni nani atakayepewa kwanza: mjane, mgonjwa, mzazi?
- Kila familia itatoa kiasi gani kwa ajili ya batri mpya?
- Nani atashika fedha, na nani atakagua daftari?
- Wenyeji waliotupokea watafaidi nini?

Majibu yaandikwe na kusomwa mbele ya wote. Batri huchoka baada ya miaka michache. Wakati huo, kinachobaki ni mapatano mliyofanya. Kama mlipatana vema, mtanunua nyingine. Kama hamkupatana, giza litarudi, na ugomvi pamoja nalo.