Breki Mpya Zinapolia, Kazi Haijakwisha

Gari la doria latoka karakana likiwa limefungwa pedi mpya za breki pamoja na diski mpya, yaani zile sahani za chuma zinazobanwa na pedi. Lakini linapofika langoni na dereva akakanyaga breki, mlio mkali husikika kambi nzima. Tumeyashuhudia hayo zaidi ya mara moja, na kila mara shutuma ni ile ile: vipuri ni vibovu! Mara nyingi vipuri havina hatia. Kilichopungua ni ukamilifu wa kazi.

Yafaa ifahamike kwamba mlio huo ni mtetemeko. Pedi inapoibana diski inayozunguka, vyuma hutetemeka maelfu ya mara kwa sekunde, na sikio husikia filimbi. Basi tiba yake ni kuondoa kinachosababisha mtetemeko.

Kwanza ni usafi. Diski mpya hupakwa mafuta kiwandani ili isishike kutu. Yasipooshwa kwa dawa ya kusafishia breki, au kwa sabuni na maji ya moto kisha diski ikakaushwa, pedi huyanywa na kuharibika. Kutu iliyo kwenye habu nayo ikwanguliwe, kwani diski isiyokaa sawa huyumba. Vumbi la breki lisipulizwe kwa upepo, kwa maana linadhuru mapafu. Lifutwe kwa kitambaa kilicholowa maji.

Pili ni grisi. Itumike ile ya breki inayostahimili joto kali, nayo ipakwe kidogo mgongoni mwa pedi, kwenye ncha zake zinazoteleza, na kwenye pini za kalipa ikiwa kalipa ni ya kuteleza. Vibati vyembamba vya mgongoni mwa pedi visitupwe, kwa kuwa kazi yake ni kutuliza mtetemeko.

Hapa twatoa onyo. Dereva mmoja tuliyefanya naye kazi alichoshwa na mlio, akapaka grisi kwenye uso wa pedi. Mlio ulikoma kweli, na breki nazo zikakoma. Gari lilisimamishwa na kichuguu. Hakuna aliyeumia, lakini nyuma walikuwamo askari sita. Pedi iliyoingia grisi usoni haisafishiki, hubadilishwa.

Tatu ni kuzizoeza breki. Kabla gari halijaondoka, pedali ikanyagwe mara kadhaa mpaka iwe ngumu. Kisha, katika barabara iliyo wazi, liendeshwe kwa kilomita 50 kwa saa, breki zikanyagwe kwa nguvu ya wastani mpaka kasi ishuke kufikia 10, bila kusimama kabisa. Irudiwe mara 8 hadi 10, zikipewa nafasi ya kupoa kila mara. Kama kitabu cha gari kina maagizo mengine, hayo ndiyo yafuatwe.

Dereva ajue pia kutofautisha sauti. Mlio wa asubuhi baada ya mvua, unaokoma baada ya kukanyaga mara chache, ni kutu nyepesi tu. Filimbi ya pedi zilizotumika muda mrefu yaweza kuwa ya kile kibati kinachogusa diski makusudi, kutangaza kwamba pedi zimekwisha. Kibati hicho kikigusa diski pedi zikiwa bado mpya, huenda zimefungwa vibaya. Lakini mkwaruzo wa chuma kwa chuma hauna mjadala: gari lisimamishwe.

Ndugu askari, anayefanya doria ya usiku ajua jinsi mlio mmoja unavyoweza kumwonya anayeviziwa. Hata hivyo, kubwa zaidi ni uhai wa wale waliokaa nyuma ya dereva, wasioiona pedali wala barabara. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Gari lililolia langoni lirudishwe karakana siku ile ile, kabla halijapangiwa safari ya milimani.