Uzamifu wa uchumi: Kisiki si mtihani

WENGI wanaojiunga na shahada ya uzamifu katika uchumi huhofia hisabati. Hofu hiyo ina msingi. Mwaka wa kwanza mwanafunzi hukabiliwa na nadharia za maamuzi ya mnunuzi na kampuni, mwenendo wa uchumi wa taifa zima, na ekonometriki, yaani upimaji wa nadharia hizo kwa takwimu. Kisha huja mtihani mkuu. Katika vyuo vingi, anayeuanguka mara mbili hufunganya virago.

Hata hivyo, kisiki kikubwa kiko mbele. Mtihani ukipita, ratiba nayo hutoweka. Mwanafunzi sharti ajitungie swali ambalo halijajibiwa, asake takwimu, amridhishe msimamizi, hatimaye aitetee tasnifu mbele ya jopo. Hapa kwetu wengi wao ni wahadhiri tayari, wenye madarasa ya kufunza na karo za watoto kulipa. Miaka huyoyoma.

Ndiposa muungano wa utafiti wa uchumi barani Afrika, AERC, wenye makao yake Nairobi, ulipoanzisha mpango wa pamoja wa uzamifu mwaka wa 2002, haukuishia kuwakutanisha wanafunzi wa vyuo mbalimbali madarasani. Huwaita pia wawasilishe mapendekezo ya utafiti mbele ya wanauchumi waliobobea, kabla swali bovu halijawapotezea wakati.