Sheria ya Mimba: Ipo Kitabuni, Daktari Yuko Wapi?

Mtu akitaja habari za kutoa mimba mbele ya wazee, mmoja hukohoa na mwingine huuliza kama mvua itanyesha. Mimi leo sikusudii kuwahukumu wanaopinga wala wanaotetea. Nimezipitia sheria za nchi kadha wa kadha, nami nataka msomaji ajue zinasema nini na zinamfikia nani.

Sheria yetu ya Kenya asili yake ni Uingereza. Mwaka 1861 Bunge la huko lilipitisha sheria kali iliyomtishia mwanamke kifungo cha maisha. Wakoloni wakatuletea mfano wake, na hata leo Kanuni yetu ya Adhabu inasema kwamba anayemtoa mwanamke mimba kinyume cha sheria aweza kufungwa miaka 14, na mwanamke mwenyewe miaka 7.

Ajabu ni kwamba Waingereza wenyewe walianza kuilegeza zamani. Mwaka 1938 huko London, daktari Aleck Bourne alimtoa mimba msichana wa miaka 14 aliyenajisiwa na askari jeshi, kisha akawaambia polisi yeye mwenyewe. Alishtakiwa, akaachiliwa. Mwaka 1967 ikaja sheria mpya: madaktari wawili wakikubaliana kwa nia njema, mwanamke hutibiwa, tena katika hospitali ya serikali bila malipo.

Zambia iliifuata njia hiyo mwaka 1972, mapema kuliko nchi nyingi za Afrika. Lakini wao hawakutosheka na madaktari wawili. Wakataka watatu, mmoja wao awe bingwa, isipokuwa katika hali ya dharura. Sasa fikiri, msomaji. Mjini London madaktari watatu pengine utawapata katika barabara moja. Je, mama wa kijiji cha mbali, ambako zahanati ina muuguzi mmoja na baiskeli, atawatoa wapi? Nauli ya kwenda mjini hana, na siku zinapita. Akichoka kungoja humwendea mtu wa mizizi au wa vijiti. Mimi naona hiyo ni ruhusa ya karatasi.

Afrika Kusini walilitambua jambo hilo. Sheria yao ya mwaka 1996 humruhusu mwanamke kuamua mwenyewe hadi wiki 12, na mkunga aliyefunzwa anaweza kumhudumia. Hata hivyo wako wauguzi wanaokataa kwa ajili ya dhamiri zao, kwa hiyo hata huko wengine husafiri mbali.

Kusafiri huko wanakujua sana Waairishi. Tangu mwaka 1983 katiba yao ilikataza jambo hili, na wenye nauli wakavuka bahari kwenda Uingereza. Wananchi waliliondoa katazo hilo kwa kura mwaka 2018.

Rumania ndiyo inayonitisha. Serikali ilikataza mwaka 1966 ili watu waongezeke. Wanawake wakaendelea kutoa mimba kwa siri, wakafa kwa maelfu. Katazo lilipofutwa mwishoni mwa 1989, vifo vya wazazi vilipungua karibu nusu katika mwaka mmoja tu.

Na sisi je? Katiba ya 2010, kifungu cha 26, inakataza, ila mtaalamu wa afya aliyehitimu akiona kuwa pana haja ya matibabu ya dharura, au maisha au afya ya mama imo hatarini. Haikusema daktari peke yake. Wizara ilitoa mwongozo mwaka 2012, ikauondoa mwaka uliofuata. Mwaka 2019 Mahakama Kuu ikaamua kwamba kuuondoa kulikuwa kinyume cha sheria. Kwa miaka hiyo yote muuguzi wa mashambani alibaki akijiuliza kama akimsaidia mama atalala kwake au korokoroni.

Kwa mama aliyekwisha kuumia na anayevuja damu, kifungu cha 43 kiko wazi: mtu yeyote asinyimwe matibabu ya dharura. Anayefika mlangoni atibiwe kwanza.