Usidharau Koo la Mtoto

Mtoto wa miaka 5 hadi 15 akiumwa na koo, wengi wetu humpa maji ya chumvi na kungoja. Tahadhari! Viini vingine vya koo visipotibiwa huweza kuleta homa ya baridi yabisi baada ya wiki 2 au 3. Viungo huvimba na kuuma: leo goti, kesho kiwiko. Maumivu hayo huisha, lakini milango ya moyo huweza kuharibika kabisa.

Basi wazazi, mpelekeni zahanati mapema. Akipewa vidonge vya penisilini vya siku 10, avimalize vyote hata kama siku ya 3 anacheza. Na aliyewahi kuugua homa hii adungwe sindano kila wiki 3 au 4, kwa miaka mingi, bila kukosa.