Kafeini: Silaha ya Mchai Ndani ya Kikombe Chako

Msomaji, ukiagiza chai ya asubuhi katika hoteli ya Longisa, kaunti ya Bomet, hufikirii kwamba unaletewa sumu. Lakini mchai hautengenezi kafeini kwa ajili yako. Huitengeneza kujikinga na wadudu, na huilimbikiza zaidi katika majani machanga, yale mawili na chipukizi ambayo wachumaji huyatafuta. Mwaka 1984 mtaalamu wa Marekani, James Nathanson, aliwalisha viwavi unga wa majani chai. Walitetemeka, wakaacha kula, wakadumaa.

Hata hivyo wapo wadudu wasiojali. Mdudu mdogo mweusi anayetoboa tunda la kahawa huishi humo na kuzaa humo, akila kafeini ambayo ingemuua mwenzake. Mwaka 2015 wataalamu waligundua siri yake: tumboni mwake mna bakteria wanaoila kafeini hiyo. Alipopewa dawa ya kuwaua bakteria, kafeini ilipita tumboni bila kuvunjwa. Aliporudishiwa bakteria wa aina moja tu, kazi ikaendelea.

Viwavi wengi, lakini, hawategemei wageni. Wana vimeng'enya vyao vya jamii iitwayo P450, ambavyo huibadili sumu ya mmea iwe rahisi kuyeyuka na kutolewa mwilini. Na hapa ndipo habari inapotugusa sisi, kwani ini la binadamu huivunja kafeini kwa vimeng'enya vya jamii hiyo hiyo! Mtu mzima mwenye afya huondoa nusu ya kafeini aliyokunywa kwa muda wa saa 5 hivi. Mvutaji sigara huiondoa upesi zaidi. Mwanamke anayemeza tembe za kupanga uzazi huchelewa.

Anayechelewa zaidi ni mama mjamzito. Miezi ya mwisho, nusu hiyo yaweza kuchukua saa 15, na kafeini huvuka kondo hadi kwa mtoto ambaye ini lake bado halijui kazi hiyo. Shirika la Afya Duniani linawashauri wajawazito wanaotumia zaidi ya miligramu 300 za kafeini kwa siku wapunguze, maana huenda mimba ikaharibika au mtoto akazaliwa na uzito mdogo. Kikombe cha chai ya kawaida huwa na miligramu 40 hivi. Ile inayochemshwa sufuriani hadi ikaiva kabisa, kama tunavyoipenda hapa kwetu, yaweza kuzidi hapo, na kahawa huzidi zaidi.