Oili nzito si dawa ya joto la Malindi

Mwezi wa Julai, kusi ikivuma, chupa ya mafuta ya nazi iliyolala dirishani jikoni huamka imeganda, nyeupe kama samli. Mama huitoa nje juani, na chai ikiiva mafuta yamekwisha kuyeyuka. Siri yake ni kwamba mafuta ya nazi huyeyuka kwenye nyuzijoto 24 hivi, na alfajiri za Malindi msimu huo hushuka chini ya hapo kidogo tu. Oili ya injini haigandi namna hiyo, lakini nayo hutii amri ileile: baridi huifanya nzito, moto huifanya nyepesi. Ukaidi huo wa kutiririka ndio unaoitwa mnato, na ndio unaoandikwa kwa tarakimu kwenye kila galoni ya oili dukani.

Tarakimu hizo ndizo zilizoleta mjadala niliousikia karibuni chini ya mwarobaini wa gereji moja mtaa wa Maweni. Mzee mmoja alileta Probox yake ibadilishwe oili, akataka 5W-30 kama kitabu cha gari kinavyosema. Fundi akacheka. "Mzee, hiyo ni maji. Joto la hapa pwani lataka 20W-50." Mzee akatazama jua, akatazama gari, akasema, "Wewe ndiye fundi, mwanangu," akalipa. Mimi nilikuwa nasubiri bodaboda, sina gari la kubishania, nikanyamaza. Ndiyo maana naandika.

Tarakimu hizo zina asili yake Marekani, kwa chama cha wahandisi wa magari kiitwacho SAE, kilichotoa kipimo chake cha kwanza cha mnato wa oili mwaka 1911. Herufi W haina maana ya uzito, ingawa wengi huapa hivyo. Ni ya neno la Kiingereza la majira ya baridi. Tarakimu iliyo mbele yake hueleza oili inavyofanya kazi injini ikiwashwa kwenye baridi kali, na hiyo si baridi ya kujifunika leso. Oili ya 20W hujaribiwa kwenye nyuzi 15 chini ya sifuri, 15W kwenye 20 chini ya sifuri, 5W kwenye 30, na 0W kwenye 35. Nyahururu kwenyewe, ambako mtu wa Kilifi hutetemeka saa sita mchana, hakujafika huko.

Kwa hiyo kwa mtu wa Malindi au Watamu, W hiyo si ya kumkosesha usingizi, ingawa haikosi faida: oili yenye tarakimu ndogo mbele ya W kwa kawaida huwahi kufika juu ya injini asubuhi, hata kwenye ujoto wetu. Kwenye nyuzi 40, 20W-50 ya kawaida huwa na mnato unaozidi mara mbili ule wa 5W-30. Sekunde zile za kwanza, kabla pampu haijaivuta oili kutoka chini, kamshafti huzunguka kwenye beringi zake juu ya utando tu uliosalia tangu jana.

Tarakimu ya pili ndiyo ya kuangaliwa. Hiyo hupimwa oili ikiwa kwenye nyuzi 100, kwa kuiacha ipite kwenye kibomba chembamba huku muda ukihesabiwa. Kipimo chake ni sentistoki. Maji ya kawaida ni kama 1. Oili ya 30 ni kuanzia 9.3 hadi chini ya 12.5. Ya 40 huanzia hapo hadi chini ya 16.3, na ya 50 huishia kabla ya 21.9. Kisha hujaribiwa tena kwenye nyuzi 150 huku ikisagwa kwa kasi, maana ndivyo inavyobanwa ndani ya beringi. Basi 30 si nyuzijoto, wala 50 si joto inaloweza kustahimili. Ni majina ya ngazi za mnato, kama saizi za viatu.

Sasa turudi kwa yule fundi. Kosa lake ni kudhani kwamba jua la nje ndilo linalopika oili. Injini yenye rejeta ina thamostati, kijilango kinachofunguka maji yakifika nyuzi 80 na kitu au 90, na kazi yake ni kuishikilia injini kwenye joto lilelile. Ikishapata moto, oili yake hucheza kati ya nyuzi 90 na 110, iwe iko Malindi au Limuru. Tofauti ya hewa ya nyuzi kumi na tano huko nje ni jambo la dereva na shati lake zaidi kuliko la beringi. Injini kama ya ile Probox imetengenezwa kwa nafasi finyu na vijia vyembamba ambavyo oili hupitia kusukuma mitambo ya kurekebisha vali. Ukiitilia nzito kupita kipimo, pampu inahemewa, petroli inaliwa zaidi, na vali huitikia kwa kuchelewa.

Injini iliyochoka, inayokula oili na kufuka moshi wa samawati, hupewa oili nzito ili isogee siku mbili tatu. Huo ni mkongojo. Mguu bado umevunjika.

Lakini kwa bodaboda na tuktuk nyingi fundi angekuwa na hoja. Hizo hazina rejeta. Hupozwa na upepo. Tuktuk iliyobeba watu watatu na gunia la nazi, imekwama kwenye foleni ya soko saa saba za Februari, haipati upepo wa maana, na oili yake hupanda joto kweli. Ndiyo maana vitabu vya pikipiki nyingi za India huandika 20W-50 au 20W-40. Tena bodaboda ina klachi iliyozama ndani ya oili hiyohiyo, kwa hiyo tafuta galoni iliyoandikwa JASO MA. Oili ya gari inaweza kuwa na viungo vya kuteleza vinavyoifanya klachi ichenge: injini inanguruma, pikipiki haiendi.

Je, oili moja inakuwaje nyepesi ikipoa na isizidi wepesi ikipata moto? Hutiwa nyuzinyuzi za kemikali zenye tabia ya jongoo. Kwenye baridi hujikunja, oili ikapita bila kuzuiwa. Kwenye moto hujinyoosha na kuizuia isigeuke maji. Baada ya kilomita nyingi majongoo hayo hukatwakatwa na gia na beringi, na hiyo ni sababu mojawapo ya oili kuwa na muda wake.

Na hapa ndipo niseme na mafundi kuhusu afya zao. Fundi wa Maweni aliipima oili ya zamani kwa kuisugua baina ya kidole gumba na cha shahada. Kipimo hicho hakifai kitu: kila oili iliyo moto huhisika kama maji, na weusi wa oili ya dizeli mara nyingi ni masizi tu iliyoyabeba kama ilivyotakiwa. Bali mkono ndio unaolipa. Oili iliyotumika hubeba kemikali za mwako, ndugu za zile za kwenye lami na moshi, na panya waliopakwa oili chafu ya injini za petroli kwenye ngozi katika majaribio ya maabara walipata uvimbe wa saratani. Vipele vya mikononi na mapajani, pale suruali iliyolowa inaposugua, huja mapema zaidi. Kunawa kwa petroli huongeza madhara, kwani huikausha ngozi na kuifungulia sumu njia.

Sugua mikono kwanza kwa mafuta ya nazi, maana mafuta huyeyusha mafuta, kisha sabuni na maji mengi. Fanya hivyo, fundi, kabla hujashika hamri la saa nne.