Waraka wa Yeremia Juu ya Mwamba wa Nyiragongo

Kule Kanyaruchinya, kaskazini mwa Goma, kando ya barabara iendayo Rutshuru, ardhi si udongo bali ni mwamba mweusi uliomwagwa na mlima Nyiragongo, wenye ncha kali kama vigae. Na mtu akitaka kusimamisha kibanda pale, aghalabu hapigi kigingi, bali huifunga kamba ya turubai kwenye jiwe, akaongeza la pili juu yake. Hapo ndipo walipotua maelfu kwa maelfu ya watu waliokimbia vita vya waasi wa M23, mwaka 2012, kisha tena tangu 2022. Nami sijui mahali panapostahili zaidi kusomwa Yeremia 29, aya ya 11, Mungu anaposema kwamba anawawazia watu wake amani wala si mabaya.

Mijini aya hiyo huandikwa kwenye kadi za mahafali na kusomewa mtu atafutaye kazi, kana kwamba ni ahadi ya mtu mmoja. Msomaji wa Kifaransa tumsamehe, kwa kuwa “vous” yake huwa ya wengi na huwa ya bwana mmoja aheshimiwaye. Lakini sisi tuliopewa “ninyi” iliyo bayana katika tafsiri ya Muungano ya 1952 hatuna udhuru. Waraka ule uliandikiwa umma uliochukuliwa mateka Babeli mwaka 597 kabla ya Kristo, na kabla ya neno lile tamu unaamuru mambo mazito: jengeni nyumba, pandeni bustani, ozeni watoto, uombeeni amani mji mliohamishiwa, maana kurudi ni baada ya miaka 70. Katika sura iliyotangulia, nabii Hanania alikuwa ameahidi miaka 2 tu, akaivunja nira ya mti shingoni mwa Yeremia. Na watu waliochoka, nadhani, walimpenda yeye.

Sasa mwambie mkulima wa Rutshuru, aliyezoea kuvuna maharage katika udongo wenye rutuba, apande bustani juu ya mwamba! Ataona ni dhihaka, ila akifahamu kwamba muradi wa waraka ni kutoyasimamisha maisha, mtoto asome na kijana aoe, hata chini ya turubai. Fauka ya hayo, Goma si Babeli. Mji huu haukumteka mtu, umempokea. Na wenyeji wake, mlima ulipolipuka tarehe 22 Mei 2021, walijitwika magodoro wao wenyewe wakakimbia, wengine wakielekea Sake, wengine Rwanda, wengine Rutshuru huko huko. Maadamu mwenyeji wa leo ni mkimbizi wa juzi, agizo la kuombea amani ya mji, lililokuwa gumu mno Babeli kwa kuwa lilimhusu adui, hapa lamhusu jirani.

Kisha, Januari 2025, vita vikaingia Goma, na kambi za pembezoni zikatawanyika. Wengi wakarejea vijijini, baada ya miaka 2 na miezi kadhaa tu tangu wimbi la 2022. Kwa hesabu, Hanania angejisifu. Lakini waraka wa Yeremia huyafungamanisha marejeo na amani, ilhali hawa walirudi kwa kuwa kibanda chenyewe hakipo tena. Na mhubiri atakayeifungua sura ile mbele yao, huko Rutshuru, hana budi kuanzia hapo.